Sanduku la Fundi: Deni la Elfu Mbili, Simu Yasema Elfu Tatu

Mwezi uliopita niliandika hapa juu ya simu zinazojijibu, zile ambazo ukipiga hupokewi na mtu, unapokewa na sauti iliyorekodiwa: bonyeza moja, bonyeza mbili. Barua zimekuja nyingi, za Amu (Lamu) na za Malindi. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaikalia zaidi, kwa kuwa kosa lake nimelikuta karibu kila nilipoitwa kutengeneza, na wanaoumia ni watu wasiosoma maandishi, watu ambao kila walichonacho wamekipata kwa sikio.

*Assalaam aleikum, Fundi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wavuvi hapa Amu. Tuliwekewa simu inayojijibu ili mwanachama apige, aingize nambari yake, aambiwe deni lililobaki. Tulimrekodi binti mwenye sauti nzuri, akasoma maneno yote ya orodha tuliyopewa na waliotuwekea. Sasa ni ugomvi. Mzee mmoja anadaiwa 2,350, naye anaapa simu imemwambia elfu tatu mia hamsini. Nikapiga mwenyewe mbele yake: kweli. Daftari liko sawa, kompyuta iko sawa. Mbona simu inasema uongo? – Mweka Hazina, Mkomani*

Wa aleikum salaam, Bwana Mweka Hazina. Simu yenu haisemi uongo. Inasema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Binti yenu hakusoma sentensi, alisoma vipande: moja, mbili, tatu, ishirini, hamsini, mia, elfu. Kila kipande kikawa faili yake. Mwanachama anapouliza deni, programu huipasua 2,350, kisha seva ya midia, yaani ile kompyuta ambayo kazi yake ni kucheza sauti na kusikiliza vitufe, huvicheza vipande kimoja baada ya kingine. Aliyepanga huo mfuatano alifuata lugha inayotaja hesabu kwanza na daraja, yaani elfu au mia, baadaye. Sisi hutaja daraja kwanza. Ndiyo sababu mnasikia: mbili – elfu – tatu – mia – hamsini. Ile “mbili” ya mwanzo inampita mzee kabla hajatuliza simu sikioni, na anachoshika ni “elfu tatu mia hamsini”. Hiyo ni 3,150. Shilingi 800 zimezaliwa hewani, na mzee wa watu ana haki ya kukasirika.

Kama mfumo wenu umejengwa juu ya Asterisk, programu ya bure ya kuendesha simu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999 na ambayo ofisi nyingi ndogo huitumia, mfuatano huo hurekebishwa ndani ya faili iitwayo say.conf. Mwambieni fundi wenu aandike kanuni za Kiswahili: elfu itangulie hesabu yake, mia itangulie hesabu yake, na “na” iingie kabla ya kipande cha mwisho. Mrekodi hiyo “na” pia. Orodha mliyopewa haikuwa nayo, naweza kuweka dau. Na mkifika laki, semeni laki, maana “elfu mia mbili” na “mia mbili elfu” zimeshagombanisha watu bila simu yoyote kuwapo.

Bado hamjamaliza. Kikundi chenu hakihesabu shilingi peke yake. Kinahesabu wanachama, miezi, malipo, vyeti. Faili moja ya “mbili” haiwezi kufanya kazi yote hiyo: ni wanachama wawili, miezi miwili, malipo mawili, vyeti viwili, siku mbili. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa kila ngeli mnayoitumia kweli, mrekodi zile sita. Na msisahau ngeli huingia hata mwisho wa hesabu ndefu: miezi kumi na miwili. Nimesikia mfumo ukimwambia mtu amebakiwa na “miezi mbili”. Alielewa, lakini aliniambia alijiona anasemeshwa na mtu asiyemjali.

Ushauri wangu ni huu, na huwa siuachi: kila panapowezekana, rekodini sentensi nzima. “Umebakiwa na mwezi mmoja.” “Umebakiwa na miezi miwili.” Mkopo wa mwaka una sentensi kumi na mbili tu, binti atazisoma kwa dakika mbili. Vipande muwaachie shilingi, kwa kuwa shilingi haina mwisho na ngeli yake haisumbui. Na hivyo vipande virekodiwe mara mbili mbili: “hamsini” ya katikati, ambayo sauti inabaki juu ikingojea neno jingine, na “hamsini” ya mwisho, ambayo sauti inatua. Mkitumia ya katikati mwishoni, mtu hubaki kashika simu akingoja.

Sasa lile la “mbili” kuliwa. Nendeni mkaisikilize faili peke yake. Nina hakika mtasikia “bili”. Programu nyingi za kusafisha sauti hukata ukimya wa mwanzo kwa kupima nguvu ya sauti, na “m” yetu ya mwanzo wa neno ni mnong'ono ukilinganisha na irabu. Mashine huiona kama ukimya, ikaipitisha mkasi. Mgonjwa anakuwa gonjwa, mkopo unakuwa kopo. Tena simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu, na sehemu kubwa ya mvumo wa “m” iko chini ya hapo, kwa hiyo hata iliyosalia inafika imechoka. Kateni kwa mkono, kwa macho na sikio, mkiacha sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya “m”. Na mfumo ukishapokea simu, ungoje sekunde moja kabla ya kusema neno la kwanza, kwa kuwa njia ya sauti kati ya pande mbili huchelewa kidogo kufunguka.

Mkishika saa na tarehe, mnisikilize hapa. Mamangu mdogo anakaa Matondoni. Alipewa miadi na kliniki moja, siitaji, ya kuonwa macho saa 9:00 asubuhi, na simu inayojijibu ikampigia kumkumbusha. Kompyuta ikaona tisa, ikacheza faili ya tisa: “Miadi yako ni kesho, saa tisa.” Akaamka, akapika, akaswali adhuhuri, akapanda punda akaja mjini, akafika saa tisa alasiri. Daktari alikuwa ameshavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, tangu saa saba. Alikaa miezi miwili zaidi na jicho lile. Nilipoambiwa kosa lilikuwa nini, nilikaa kitako. Ni kutoa sita tu! Saa ya kompyuta ikisema 9, mtu wa Amu aambiwe saa tatu asubuhi. Ikisema 15, aambiwe saa tisa alasiri. Na neno la wakati, asubuhi, mchana, alasiri, usiku, lisiachwe hata siku moja.

Siku za wiki nazo zina mtego. Katika Asterisk faili ya siku yenye nambari 0 ni Jumapili, 1 ni Jumatatu, mpaka 6 ambayo ni Jumamosi. Binti aliyepewa karatasi yenye nambari bila maelezo ataona 1 na atasoma “Jumamosi”, kwa kuwa mosi ni moja, naye hana kosa. Na msirekodi kabisa “Ijumaa usiku”. Kwa wazee wetu siku huanza jua likitua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya Alhamisi. Semeni “Alhamisi jioni, baada ya isha”, kila mtu atafika.

*Shikamoo Fundi. Nafanya kazi mapokezi, hapa Malindi. Ramadhani tulirekodi sauti ya kusema tunafunga saa tisa. Baada ya Idi nikarekodi nyingine, saa kumi na moja, nikaiweka mahali pa ile ya zamani kwa jina lile lile. Nikipiga mimi nasikia mpya. Bosi akipiga anasikia ya Ramadhani. Nikapiga tena mbele yake, mpya. Akapiga yeye, ya zamani. Ananiona mzembe. – Dada wa Mapokezi*

Marahaba, dadangu. Wewe si mzembe, na mwonyeshe bosi ukurasa huu.

Nilipokuandikia kutaka maelezo zaidi uliniambia mna seva za midia mbili zinazogawana simu, na sauti zenu zimewekwa kwenye seva ya tatu iliyo Nairobi. Basi hadithi imekamilika. Kila seva ya midia ikihitaji sauti kwa mara ya kwanza huiagiza Nairobi, kisha hujiwekea nakala karibu ili isiagize tena kila simu ikiingia. Hilo ni jema. Bila hivyo, intaneti ikizubaa, mpigaji angesikia kimya. Lakini nakala hiyo hupewa umri, na umri wenu umewekwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Seva ya kwanza nakala yake ilikwisha umri, ikaagiza upya, ikapata ya saa kumi na moja. Ya pili bado imekumbatia ya Ramadhani. Nani atasikia ipi inategemea simu yake imeangukia wapi. Bahati yako na bahati ya bosi zilikuwa tofauti, basi.

Kufuta nakala kwa mkono kunawezekana, lakini usiizoee njia hiyo. Kuna siku utafuta kwenye moja na kusahau nyingine. Dawa ya kudumu ni kutobadilisha kilichomo ndani ya faili ukaacha jina. Sauti mpya, jina jipya. Iite saa-za-kazi-01, na ukibadilisha iite saa-za-kazi-02, kisha uuambie mpango wa simu, yaani yale maagizo ya faili ipi ichezwe wapi, utumie 02. Jina ambalo seva haijawahi kuliona haina nakala yake, lazima iliagize. Ile 01 iache ilipo kwa siku kadhaa, kwa sababu huenda kuna mtu anaisikiliza dakika hiyo hiyo, na kwa sababu ukikosea utataka kurudi nyuma haraka.

Ukishabadilisha, usipige mara moja ukaridhika. Piga mara kumi. Na uwe na daftari, daftari la karatasi hasa: jina la faili, maneno yaliyomo neno kwa neno, nani alisoma, siku gani, inatumika wapi. Nina daftari la namna hiyo la ofisi moja tangu nianze kazi hii, limeliwa na mchwa pembeni, na bado ndilo linalonitoa mashakani. Faili iitwayo sauti-mpya-ya-mwisho-3 haimwambii kitu mtu atakayekuja baada yako. Ramadhani ijayo utafungua daftari, utaona ile ya saa tisa ilikuwa 01, na hutahitaji kurekodi tena.

*Fundi, dada aliyesoma maelekezo yetu ana sauti nyembamba. Kwenye simu inatoka nzito kama ya mwanamume na inakwenda pole pole, maneno mara mbili ya urefu. Kwenye kompyuta iko sawa. – Kijana wa Langoni*

Faili ilirekodiwa kwa sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kila sekunde, na mtu akaibadilisha jina badala ya kuigeuza. Seva imeamini jina, ikacheza 8,000 kwa sekunde, ndipo urefu ukawa maradufu na sauti ikashuka. Rudi kwenye rekodi ya asili, uigeuze kwa programu kama SoX iwe sampuli 8,000, mfereji mmoja wa sauti, biti 16. Dakika moja itachukua kama megabaiti moja. Na ile ya asili usiifute.

*Mimi ni mzee wa Shela. Mke wangu alipiga simu ya ofisi moja, akaambiwa aingize nambari “kisha ubonyeze reli”. Akanigeukia akaniuliza, reli iko wapi? Akakata. Pia mbona sauti zenyewe zote kama za watangazaji wa mbali? Sisi hatuna lugha? – Mzee wa Shela*

Shikamoo mzee wangu, na salamu zangu kwa mama. Swali lake ni la haki. Reli ni ile alama ya mistari minne iliyopishana, iliyo chini kulia, upande wa pili wa nyota. Imepewa jina hilo kwa kufanana na njia ya treni, na treni haijafika Amu. Aliyeandika maelekezo hakufikiria nani atasikia.

Kitufe hicho huombwa ili mashine ijue mtu amemaliza kuandika. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, hiyo reli ni hezi 941 na 1,477, na seva ya midia huitambua kwa milio hiyo. Lakini kama nambari ya kila mwanachama ina tarakimu nne, mashine inaweza kuhesabu nne na kuendelea, hakuna haja ya reli. Kama urefu hubadilika, ingoje sekunde chache mtu akinyamaza, iendelee. Wenye mifumo mnaosoma hapa, ondoeni reli. Na mkisema chaguo, tajeni shughuli kwanza na nambari baadaye: “Kujua deni lako, bonyeza moja.” Ukisema “bonyeza moja kujua deni lako”, mtu akifika kwenye deni ameshaisahau moja, na kama ni mtu wa miaka sabini ameshika simu ndogo atalazimika kuitoa sikioni, aitazame, airudishe, na nyinyi mmeshafika bonyeza nne.

Juu ya lugha, nimeifikiria barua yako kwa siku nyingi. Mimi ni mtu wa Amu. Nasema ndia na mato nyumbani kwangu, sisemi njia na macho. Ningependa kupiga simu ya ofisi iliyo Mkunguni nikajibiwa na mtu wa kwetu. Lakini simu hiyo hiyo hupigwa na mtu wa Faza, na Kizingitini, na Mpeketoni, na Hindi, na kila mmoja ana mdomo wake. Ninalofanya ni kumtafuta msomaji wa hapa, asome Sanifu kwa sauti yake mwenyewe, bila kujikaza kama redio. Masikio hutambua. Ofisi ikitaka Kiamu kamili, inawezekana: folda ya pili, majina ya faili yale yale, na mpigaji achague. Sharti awepo mtu wa kuitunza, maana kila sentensi ikibadilika itabadilika mara mbili. Faili ikikosekana kwenye folda hiyo, Asterisk huangukia lugha ya msingi, na katikati ya Kiamu kizuri anatoka mwanamke anasema neno moja la Kiingereza. Mkimpata mtu huyo wa kutunza, niiteni, nitakuja kurekodi na sitadai pesa.

*Fundi, binti aliyesoma sauti zetu zote ameolewa, yuko Maskati. Tunahitaji sentensi moja tu mpya. Tumtafute mwingine aisome? – Katibu, Malindi*

La, usichanganye. Sauti ya pili ikiingia katikati, mpigaji hudhani amehamishiwa ofisi nyingine, na wengine hukata. Mtafute bintiyo huko aliko. Mwambie arekodi usiku, kiyoyozi kimezimwa, ndani ya chumba chenye nguo na magodoro, si sebuleni. Mimi hapa nyumba yangu ni ya mawe, chumba kina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima, na neno moja lilikuwa likirudi mara tatu mpaka nilipotundika mikeka na doti sita za kanga mbele yake. Hurekodi saa nane za usiku, kabla punda hawajaanza na kabla ya adhana ya alfajiri. Asikutumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa hubanwa na kupoteza. Aitume kama faili, haijabanwa.

Kabla hajasoma, mpelekee moja ya sentensi zake za zamani aisikilize, aingie katika mwendo ule ule. Asome sentensi yenu mara tatu. Na kwa kuwa umempata, mpelekee pia ile orodha niliyompa Mweka Hazina hapo juu: mwezi mmoja mpaka miezi kumi na miwili, siku saba, saa zote na nyakati zake, na “na”.